Uyoga wa Uwanjani na Neno Lisilotosha

Mtu akitaka kueleza kitu kilichozuka ghafla na kwa wingi, husema kimeota kama uyoga. Tashbihi hii tumeizoea hata hatuitazami tena. Masika yaliyopita ilinibidi niitazame, maana uyoga wenyewe uliota mbele ya mlango wangu hapa Dirma, wilayani Hanang, katikati ya ukoka nilioupanda baada ya kustaafu. Kofia nyeupe zenye magamba ya kahawia, pana kama sahani, zilijipanga nusu duara. Jirani yangu, bibi aliyekulia Unyamwezi, aliutazama akasema, "Mwalimu, mboga imekufuata nyumbani. Kwetu huu tuliugombania."

Nilimwomba tungoje hadi kesho yake. Sababu ya ombi hilo ina historia, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Uyoga alioukumbuka bibi ni wa kichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces. Huo ni zao la mkulima aliyemtangulia binadamu. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna na kuvipeleka chini ya ardhi, kisha huoteshea humo ukungu anaoula. Mvua zikianza, ukungu huo hutoa uyoga unaopasua ardhi, na shina lake huteremka kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota. Jamii nyingi za Afrika zimeuheshimu. Buganda ipo hata koo iitwayo Obutiko, yaani Uyoga, na mkuu wake ni Ggunju. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walichapisha kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya maarifa yao waliipata kwa wenyeji waliojua kila aina na jina lake.

Uyoga wa uwanjani, kwa upande wake, una historia fupi kwetu, kwa sababu uwanja wa nyasi wenyewe ni mgeni. Nyanya zetu walifagia uwanja hadi udongo ukang'aa. Jani lililoota mbele ya nyumba lilikuwa aibu ya mwenye nyumba, tena maficho ya nyoka. Nyasi za kukatwa zilikuja na nyumba za watawala wa kikoloni, misheni na shule. Sisi walimu tulizieneza: ni wanafunzi wangapi tuliowapa fyekeo na kuwapimia vipande vya kufyeka? Baadaye tulirudi vijijini na desturi hiyo. Chini ya ukoka wangu kuna visiki vilivyooza na samadi ya zizi la zamani, chakula tele cha ukungu usiohitaji mchwa.

Hapo ndipo neno letu linapopungukiwa. Kiswahili sanifu kinasema uyoga, basi. Hatuna hata wingi tunaoutumia kila siku. Tunasema uyoga mwingi, kama tusemavyo unga mwingi au uji mwingi. Waganda wao hutenga mmoja, akatiko, na wengi, obutiko, na ule mdogo uotao kwa maelfu kwenye ardhi ya mchwa wakauita obubaala. Hapa Hanang Wairaqw, Wadatoga na Wabantu wameishi jirani kwa vizazi vingi, kila jamii na lugha ya ukoo wake. Shuleni tuliwakutanisha watoto wao kwa Kiswahili, na hilo ni jambo jema. Lakini tuliwapa neno moja kwa vitu vingi, wala hatukuwauliza nyumbani kwao huviitaje.

Turudi kwa bibi. Jioni ile nilikata kofia moja nikailaza juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli. Asubuhi vumbi la uzazi lilikuwa limeanguka kwenye karatasi. La uyoga wa kichuguu huwa na waridi hafifu. Hili lilikuwa la kijani. Huo ni Chlorophyllum molybdites, mkazi wa nyasi za nchi za joto, ambao humtapisha na kumharisha vikali mlaji baada ya saa chache. Ukiwa mchanga, mikunjo ya chini ya kofia ni myeupe, hivyo humdanganya hata mjuzi. Bibi alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Kumbe macho yangu yalikuwa ya kwetu."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Mwaka 2015 wakimbizi kadhaa, wengi wao Wasyria, walilazwa hospitalini Ujerumani kwa kula Amanita phalloides, uyoga unaoharibu ini, ambao hufanana na ule ulao wa kwao. Nao macho yao yalikuwa ya kwao. Ujuzi ni wa mahali. Ukihama, huna budi kuuliza upya.

Nyumbani nilifanya machache. Niliung'oa uyoga wote kabla watoto hawajaushika, nikaufukia mbali na kuku, nikachimbua kisiki kilichooza. Sikununua dawa, kwa kuwa uyoga ni tunda tu. Mwili wa ukungu umejificha ardhini, na utazaa tena mvua zikirudi.

Nawaomba washairi na wanafunzi wa lugha: kabla wazee hawajaondoka, kaeni nao muulize majina. Jina la uyoga ni onyo au ni mwaliko, na likipotea, mjukuu hubaki na njaa yake na bahati yake.

Uyoga una majina, usiuite kwa moja,
Aujuaye kwa shina, hula bila ya kungoja,
Mgeni asiyeona, huponzwa na yake haja,
Tuulize na kunena, kabla sumu haijaja.