Nusu Siku Haitoshi Tanga



Katika ratiba iliyopendekezwa kwa ajili ya mkutano wetu ujao nyumbani, Unguja imetengewa siku tano na Tanga nusu siku: kuzuru makaburi ya wazee, kula chakula cha mchana, kisha kurejea uwanja wa ndege. Hoja ya vijana wetu waliokwenda huko karibuni ni kwamba Tanga hakuna cha kutazama. Wenyeji wa Tanga wana msemo wao wa kuwatania wageni, "waja leo, warudi leo". Sikutaraji kwamba msemo huo ungewaangukia wajukuu wa Tanga wenyewe, nami nikiwa mmoja wa waliozaliwa na kufanya kazi katika mji huo kabla ya kuhamia ng'ambo, naomba nafasi ya kuitetea.

Tanga haikujengwa kwa ajili ya watalii. Ilijengwa kwa sababu ya kazi, na waliokwenda huko, pamoja na wazee wetu, walikwenda kutafuta kazi. Mgeni asiyejua kazi hizo ataona barabara pana zenye miti, majengo ya Kijerumani yaliyochujuka rangi, na baiskeli nyingi. Anayezijua ataona mengine.

Matembezi yaanzie mjini, penye Boma la zamani la Wajerumani, ambamo leo mna makumbusho ya Urithi. Picha za kale zilizomo zinamwonyesha mgeni jinsi mji ulivyokuwa kabla ya sisi sote. Kutoka hapo si mbali kufika ufukweni, mahali pa kuitazama ghuba na kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Toten ni neno la Kijerumani lenye maana ya wafu. Wavuvi huwapeleka watu kwa mashua, lakini patana nauli kabla ya kupanda.

Jambo lililoibadili Tanga lilitokea mwaka 1893, tena mara mbili. Mwaka huo ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, reli ya kwanza katika koloni lao la Afrika Mashariki. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Na mwaka huohuo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida. Ilisafirishwa kupitia Hamburg, na iliyonusurika ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mavuno yalipita tani 200,000 kwa mwaka. Bei ilipoanguka baada ya kuja kamba za nailoni, mji nao ukanywea. Kile ambacho vijana wanakiita usingizi wa Tanga kina sababu hiyo, wala si uvivu wa watu wake.

Babu yetu aliletwa na mkonge huo. Alitoka Unyamwezi akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba anayejulikana kwa namba, akakata majani kwa kipande cha siku thelathini. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Kwa hiyo naomba asubuhi moja itengwe kwa shamba la mkonge na korona yake, kwa maana yapo yanayofanya kazi hadi leo. Watoto wasikie harufu ya majani yanaposagwa. Ni harufu mbaya, na ndiyo iliyotulisha.

Jioni yake twende Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, tangu ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Hakuna haja ya ramani wala mwongozaji. Watoto wahesabu barabara mpaka wafike ile aliyopanga babu chumba chake cha kwanza, ambayo wazee wetu watawatajia. Njiani kuna mihogo ya kukaanga na mishikaki, na Jumamosi yenye mchezo Mkwakwani huwapo shangwe ambayo vijana wetu wenye kushabikia timu za Uingereza hawajapata kuionja. Coastal Union ilikuwa bingwa wa ligi ya Tanzania mwaka 1988. Nilikuwapo uwanjani mara nyingi msimu ule, na sitaki kulizungumza kwa ufupi, basi naliacha.

Sisi tuliokuwa makarani tuna sababu yetu ya kuipenda Tanga. Shule ya kwanza ya serikali ya Kijerumani ilifunguliwa hapo mwaka 1892, na mji ukawa chimbuko la makarani na walimu. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani mwenye asili ya Kibondei, alianzisha hapo chama cha watumishi Waafrika wa serikali, miaka saba kabla ya kuundwa African Association ya Dar es Salaam. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Wajukuu wetu wanaosoma London na Leicester wangefaa kumjua mtu huyo aliyewatangulia.

Raskazone ni mahali pa kuogelea na kupunga upepo, na huko hapana haja ya kuwashawishi vijana. Lakini wajue kwamba ndipo yalipoteremka majeshi ya Waingereza mwezi Novemba 1914, kiasi cha watu 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakashindwa na kikosi cha von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na watu wapatao 1,000. Nyuki waliotibuliwa katika mapigano waliwashambulia wote bila kubagua. Makaburi ya vita yapo mjini.

Mapango ya Amboni, yaliyo kiasi cha kilomita nane kaskazini, yanasifiwa mno kuliko yote, na sitaongeza sana. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba njia yake hufika Mombasa. Upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu halizidi mita 900. Nendeni na viatu vya kufunga, na mkikuta sadaka zilizowekwa mle ndani msiziguse.

Siku ya mwisho naitaka iwe ya kusini, njia ya Pangani. Upande huo kuna Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Alizaliwa karibu na hapo, Vibambani, mwaka 1909, na riziki yake ilikuwa ukarani: forodhani, kisha ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji ardhi. Vitabu tulivyosomeshwa sote aliviandika baada ya saa za kazi. Kisha Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arobaini ya mji uliositawi karne ya 14 na ya 15. Nguzo nyingi zimeanguka. Karibu na pwani hiyo Vasco da Gama alikwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata akaichoma moto mojawapo ya merikebu zake kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Naiomba kamati igeuze hesabu: Tanga siku nne, Unguja siku mbili. Shangazi yetu mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayeyajua makaburi yetu yasiyo na maandishi, hawezi tena kupanda boti wala ndege. Basi dogo la viti ishirini na tano latosha. Yeye akae mbele, na karibu naye akae kijana mwenye daftari.