Taa za Diwali: kwa nini Wahindu huwasha taa usiku usio na mwezi

Kila mwaka, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, waumini wa dini ya Kihindu huwasha taa ndogo ndogo milangoni, madirishani na kwenye ngazi za nyumba zao. Wanaoishi Mombasa, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wameziona taa hizo kwa macho. Walio mbali na miji huziona kwenye picha za simu, na swali linalofuata mara nyingi ni moja: je, hawa wanaabudu moto?

Jibu ni hapana, ingawa linahitaji maelezo kidogo. Moto una heshima yake katika dini hii. Kwenye maandiko ya kale ya Veda, Agni, yaani Moto, ni mungu anayepeleka sadaka za wanadamu kwa miungu mingine. Lakini taa ya Diwali haiwekwi mlangoni ili iabudiwe. Inawekwa kwa ajili ya yule anayetarajiwa kufika. Ni taa ya kumpokea mgeni, na ukilishika hilo, mengi ya sikukuu hii yanaeleweka.

Kabla hatujaendelea, tutofautishe maneno mawili. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi tunaowajua huku kwetu, kama Mabohora na Maismailia, ni Waislamu, na Diwali si sikukuu ya dini yao. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao kwa Wahindu, Baniani. Methali inayowasema Mabaniani tunaijua sote, kwa hiyo hatuirudii hapa.

Jina Diwali ni ufupisho wa neno la Kisanskriti, dipavali. Dipa ni taa, avali ni safu. Usiku wa kuziwasha nao haukuchaguliwa ovyo: ni ule ambao mwezi hauonekani kabisa, kabla haujaandama upya. Aliyekulia kijijini kusikokuwa na umeme anaujua usiku wa namna hiyo, ambao hata njia ya kisimani huioni. Miezi ya Wahindu hufuata mwezi wa angani, kama ya Kiislamu, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mmoja wa ziada ili kalenda isiachane na majira. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima, ilhali Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Oktoba. Mwaka 2026, kwa kuwa mwezi wa ziada umeingia katikati, inaangukia tarehe 8 Novemba.

Sasa, mgeni mwenyewe ni nani? Inategemea unamuuliza nani.

Kaskazini mwa India watakwambia ni Rama. Mwana huyu wa mfalme alikaa uhamishoni porini miaka 14, mkewe Sita akatekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Rama alimshinda Ravana, akamkomboa Sita, na waliporudi kwao Ayodhya watu waliwasha taa kuwaangazia njia. Kusini mwa India husimuliwa zaidi habari za Krishna kumwua Naraka, jitu lililotesa watu. Huko Bengal usiku huohuo ni wa mungu mke Kali.

Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa Afrika Mashariki, mgeni mkubwa ni Lakshmi, mungu mke wa neema na mali. Inaaminika kwamba usiku huo hupita nyumba kwa nyumba, na haingii penye uchafu wala penye giza. Kwa hiyo kazi huanza siku nyingi kabla: kuta hupakwa rangi, vyombo husuguliwa, vilivyovunjika hutupwa. Mbele ya mlango huchorwa mapambo kwa unga wa mchele au unga wa rangi, na wengine huchora nyayo ndogo zinazoelekea ndani, kana kwamba Lakshmi ameshaingia.

Kuna pia wageni ambao hatukuwatarajia katika sikukuu ya furaha. Siku mbili kabla ya Diwali yenyewe, familia nyingi huwasha taa moja peke yake nje ya nyumba na kuielekeza kusini, upande wa Yama, mungu wa mauti. Ombi lake ni kwamba asiwepo wa nyumba hiyo atakayekufa kabla ya wakati wake. Huko Bengal, usiku wa kuamkia sikukuu huwashwa taa 14 kwa ajili ya vizazi 14 vya mababu. Sisi tunaona taa hizi za wafu zinaeleza mengi kuliko zile zinazopigwa picha, kwa sababu mtu anayeiwasha anawaza waliotangulia na walio hai ndani ya nyumba kwa wakati mmoja.

Si Wahindu peke yao. Wajaini, ambao kati yao wamo Waoshwal wa Kenya, hukumbuka usiku huo kufariki kwa Mahavira, mwalimu wao mkuu. Kwao taa hushika nafasi ya nuru ya elimu iliyoondoka naye. Masingasinga nao hukumbuka Guru Hargobind kutoka kifungoni katika ngome ya Gwalior, akiwa na wana wa wafalme 52 aliokataa kuwaacha nyuma.

Taa yenyewe ni kitu rahisi mno. Inaitwa diya: kibakuli cha udongo uliochomwa, kinachoenea kiganjani, chenye mdomo mdogo wa kulaza utambi. Utambi ni pamba iliyosokotwa kwa vidole. Mafuta ni samli, au ya ufuta, au ya haradali, kulingana na uwezo na mahali. Wanaojua huvilowesha vibakuli majini kwanza kwa saa kadhaa ili udongo usinywe mafuta. Taa moja huwasha nyingine, na wengi hawaizimi kwa kuipuliza, maana pumzi ya mdomo huhesabiwa kuwa si safi. Huiacha iwake mpaka mafuta yaishe.

Kwa wafinyanzi, majuma ya kabla ya Diwali ndiyo mavuno ya mwaka. Katika mtaa wa Kumbharwada, ndani ya Dharavi mjini Mumbai, wafinyanzi wenye asili ya Gujarat hutengeneza diya kwa wingi, huku wakishindana na taa za umeme za bei rahisi kutoka viwandani. Kule Ayodhya, serikali ya jimbo huandaa taa kando ya mto Sarayu tangu mwaka 2017, na mwaka 2024 ziliwashwa zaidi ya milioni 2.5. Ni picha nzuri, japo taa ya kuhesabiwa kwa ajili ya rekodi ina kazi tofauti na ile ya kizingitini. Fataki ni jambo jingine. Moshi wake umekuwa kero kubwa miji kama Delhi, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamuru usiku wa Diwali zipigwe kuanzia saa 2 hadi saa 4 tu.

Kwa wafanyabiashara wa Kigujarati, Diwali ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Daftari la zamani hufungwa, jipya huwekwa mbele ya Lakshmi kwenye mwanga wa taa, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, shubh na labh, heri na faida. Ukipita dukani siku ya Diwali, salamu ni "Shubh Diwali". Mwaka mpya wa Kigujarati ukiingia baada yake, salamu hugeuka kuwa "Sal Mubarak", na hapo msikilizaji wetu hahitaji mkalimani: mubarak ni neno la Kiarabu, ndugu wa baraka na mabruki zetu. Kwa desturi biashara hufunguliwa tena siku ya tano ya mwaka huo, Labh Pancham, na ndipo mauzo ya kwanza yanapoandikwa katika daftari jipya.