Mchagua Jembe na Somo la Mwaka 1974

Ndugu wasikilizaji, pamoja nanyi mnaoyasoma mazungumzo haya gazetini, juma hili tuizungumzie kompyuta ya kuhariria picha za video, ile ambayo kijana haichukui dukani ikiwa imekamilika, bali huchagua kipande kimoja kimoja na kuiunganisha kwa mkono wake. Mtauliza: jambo hilo lina uhusiano gani na historia? Uhusiano upo, na kwa sisi watu wa Mara ni wa karibu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1974 yalitolewa maamuzi mawili katika nchi yetu. La kwanza ni amri ya Serikali ya kuzuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini bila kibali maalumu. La pili lilitolewa hapa kwetu. Mwezi Novemba wa mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na kikao hicho kikazaa Azimio la Musoma. Azimio lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977 badala ya 1989. Tena lilisema elimu isitengane na kazi. Hata wa kidato cha sita aende kwanza kazini kabla ya kugonga mlango wa Chuo Kikuu.

Kwa nini kompyuta zilizuiwa? Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na ilikuwa ya kampuni ya ICT ya Uingereza. Ilitazamiwa kurahisisha hesabu za Serikali. Lakini wazalendo walioujua undani wake walikuwa wachache mno, na kazi ya kuhamishia mahesabu ndani ya mashine ilileta hasara na vurugu. Wakati huo huo fedha za kigeni zilikuwa haba, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973. Wakubwa wakaona heri kuufunga mlango.

Basi mwaka ule ule tuliambiwa tujifunze kwa kutenda, na tukanyimwa kifaa cha kutendea. Sisemi hivyo ili kuwalaumu waliotangulia. Waliuliza maswali ya haki: mashine hii ni ya kazi gani, na ikiharibika nani ataitengeneza? Kasoro ni kwamba kwa kukosa majibu waliizuia mashine, badala ya kuwatafuta wa kuyajibu. Amri ile ilikuja kulegea polepole, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha nguvu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara tulingoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Tulipokuwa tumefunga mlango, huko nje mambo yalibadilika. Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mezani. Kwa kuwa ilitaka kuharakisha, iliiunda kwa vipande vilivyokuwa vikiuzwa na makampuni mengine, na ikatangaza namna vilivyounganishwa. Haukupita muda wengine wakaanza kuunda mashine zinazofanana nayo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa vipimo vya bodi kuu na kasha vinavyoitwa ATX, ambavyo wengi walivifuata. Ndiyo maana leo fundi wa Nyasho anaweza kuchukua bodi ya kampuni hii, diski ya kampuni ile na kasha la kampuni ya tatu, na vyote vikakaa pamoja bila ugomvi.

Upande wa picha nao ulikuwa na safari yake. Sisi wa redio tulizoea kukata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Wa video walitumia deki mbili: moja inacheza, nyingine inarekodi. Kila ukinakili, picha inafifia. Na ukitaka kuongeza neno katikati, unarudia kazi yote iliyofuata. Kompyuta iliondoa adha hiyo, lakini ikaleta njaa ya nafasi. Mwaka 1995 ulipotoka mfumo wa mikanda uitwao DV, saa moja ya picha ilihitaji gigabaiti 13 hivi. Kompyuta nyingi za nyumbani za mwaka huo zilikuwa na diski ya kama gigabaiti moja tu! Prosesa ingekuwa na kasi ya umeme wa radi, isingesaidia kitu.

Hapo ndipo penye somo kwa anayechagua vipande. Kompyuta ya video ni kama msafara wa mitumbwi: wote hufika kwa mwendo wa ule ulio nyuma. Kijana anayemaliza fedha zote kwenye prosesa, kisha akaweka memori kidogo na diski kuukuu, amenunua mwendo asioweza kuutumia. Aanze na kazi. Kama anahariri harusi zilizopigwa kwa kamera za siku hizi, ambazo mara nyingi hutoa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja itakula gigabaiti 45. Huyo anahitaji diski isiyozunguka kwa kazi inayoendelea, diski kubwa ya kuhifadhia, memori ya kutosha na kadi ya picha inayoelewana na programu anayoitumia.

Tena asidharau pawa saplai. Hicho ndicho kipande ambacho wengi huchagua mwisho, kwa chenji iliyobaki, na kikiungua huweza kuondoka na wenzake. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, betri ya akiba, ile mafundi wanayoiita UPS, huokoa kazi ya siku nzima. Na kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa, kasha liwe na chujio mbele ya feni, maana wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka majini kama moshi hawabishi hodi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na najua kuna wazee watakaoutumia msemo huo kumkemea kijana anayezunguka madukani wiki nzima akiulizia bei. Walimlenga mvivu anayejificha nyuma ya uchaguzi. Mkulima wa mihogo wa Bukima naye hulitazama jembe kabla ya kulilipia: huupima mpini, huugonga ubapa, huufikiria udongo wake. Kisha huenda shambani.

Na shamba lipo, tena linatungoja. Katika masanduku ya nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama imo mikanda ya VHS ya miaka ya 1990: harusi, ubatizo, mazishi, sauti za babu na bibi ambao hatutawasikia tena. Mikanda hiyo inaota ukungu, na picha zinafifia mwaka hadi mwaka. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Deki zilizobaki ndizo hizo hizo, na zinapungua.

Kwa kazi hiyo, kijana hahitaji mashine ya kifahari. Anahitaji deki nzima yenye kichwa safi, kifaa cha kuingizia picha kwenye kompyuta, prosesa ya kawaida na diski mbili zenye nakala ile ile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kwa kipimo kile cha gigabaiti 13 kwa saa, diski ya terabaiti moja huchukua zaidi ya saa 70: mikanda zaidi ya ishirini ya saa tatu tatu. Ukoo mzima unaweza kukaa humo.

Kijana anayeunganisha mashine ya namna hiyo anayajibu yale maswali mawili yaliyowashinda wakubwa mwaka 1974. Anajua mashine ni ya kazi gani, kwa kuwa aliichagua kwa ajili ya kazi hiyo. Anajua nani ataitengeneza, kwa kuwa aliifunga parafujo zake mwenyewe. Na kujifunza kwa kutenda ndiko kulikosemwa katika kikao cha Musoma, kabla yeye hajazaliwa.

Wazazi, toeni mikanda masandukuni kabla mvua nyingine haijapita. Nanyi vijana, ulizieni bei, chagueni vizuri, kisha mwende shambani. Hadi juma lijalo, kwaherini.