Chawa ni Wetu, Mbuzi Hahusiki

Miaka yangu yote ya ubwana mifugo wilayani Kasulu, akina mama walikuwa wakiniuliza: "Bwana mifugo, huyu mtoto chawa hawa si amewatoa kwa mbuzi?" Wengine walimfukuza hata mbwa nyumbani. Jibu langu ni lile lile hadi leo. Chawa wa mbuzi hukaa kwa mbuzi, wa binadamu hukaa kwa binadamu. Utitiri wa banda la kuku utakuwasha usiku kucha, lakini hauwezi kuweka maskani mwilini mwako. Kucha za chawa zimeumbwa kushika nywele za mwenyeji wake, na chawa wa kichwani akianguka hufa ndani ya siku mbili hivi.

Zamani za kale mpaka huo uliwahi kuvukwa. Mwaka 2007, mtafiti David Reed na wenzake walilinganisha vinasaba vya chawa wa sehemu za siri na vya chawa wa gorila. Waligundua kwamba koo hizo mbili zilitengana yapata miaka milioni 3 iliyopita. Mababu zetu waliwapata kwa gorila, pengine kwa kulala walipolala au kwa kula nyama yao. Chawa wa mwilini alitokea baadaye sana, watu walipoanza kuvaa, kwa sababu yeye hutaga mayai kwenye mishono ya nguo.

Huyo wa nguoni ndiye muuaji, kwani hueneza ugonjwa wa tifasi. Mjini Tunis, daktari Charles Nicolle aliona kwamba wagonjwa wa tifasi waliwaambukiza waliopokea na kufua nguo zao, lakini wakishaogeshwa na kuvalishwa nguo safi, wodini hakuambukizwa mtu. Mwaka 1909 aliwalisha chawa damu ya kima mgonjwa, kisha akawahamishia kwa kima wazima, nao wakaugua. Vijidudu hutoka katika kinyesi cha chawa, na mtu hujiingizia mwenyewe anapojikuna. Kazi hiyo ilimpatia Nicolle Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kwenda Tunis kutafuta ushahidi. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, tifasi ililipuka mwaka 1995 katika gereza la Ngozi. Kisha ikaenea katika kambi za waliokimbia vita, kwenye baridi ya milimani, ambako mtu alilala na kuamka na nguo ile ile. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo sutama. Waliougua walikuwa makumi ya maelfu, ingawa dozi moja ya doksisaiklini hutosha kumponya mgonjwa.

Kwa hiyo mwacheni mbuzi malishoni na mbwa mlangoni. Mtoto akiwa na chawa kichwani, kagueni vichwa vya nyumba nzima; wakiwa nguoni, chemsheni nguo na matandiko. Na anayetaka kuwasaidia wakimbizi, awapelekee sabuni, maji na nguo ya pili ya kubadilisha.