Kutuliza mwili ili kidonda kipone: wazo hili lilitoka wapi?

Huenda unamfahamu mtu mwenye kisukari aliyechubuliwa na kiatu tu, na miezi sita baadaye bado anafunga bandeji. Kidonda ndugu hicho. Sasa tuseme kliniki anaambiwa ajifunze pia kupumua taratibu na kulegeza misuli. Wengi wetu tungecheka. Mguu uko hatarini, mnamwambia apumue? Hebu tufuatilie.

Habari yenyewe ilianza na misuli, si vidonda. Mwaka 1908 Edmund Jacobson, mwanafunzi wa uzamili kama sisi, alikuwa Harvard akichunguza jinsi watu wanavyoshtuka kwa kelele ya ghafla. Akaona kwamba mtu aliyelegea kwelikweli hashtuki kama wengine. Kutokana na hilo akatengeneza mazoezi: kaza msuli mmoja, usikie mkazo wake, uachie, kisha uhamie mwingine. Mwaka 1929 akayatolea kitabu, Progressive Relaxation.

Kuhusu vidonda, ushahidi mzito ulikuja baadaye sana. Mwaka 1995, huko Ohio, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda cha milimita 3.5 mkononi. Wasio na mzigo walipona kwa wastani wa siku 39.3. Wenye mzigo, siku 48.7. Kidonda kilekile!

Mwaka 1998 zamu ikawa ya wanafunzi 11 wa udaktari wa meno. Walitobolewa kwenye kaakaa mara mbili: wakati wa likizo, halafu siku tatu kabla ya mtihani. Cha mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu, na hakuna hata mmoja aliyenusurika. (Ukisoma haya wiki ya mitihani, pole.)

Kwa nini iwe hivyo? Ukiwa na msongo, mwili hutoa kotisoli kwa wingi. Homoni hiyo hupunguza nguvu ya kinga inayosafisha kidonda siku za mwanzo, na pia hupandisha sukari. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu miguuni hujibana, ndiyo maana mtu mwenye hofu hupoa vidole. Kwa mwenye kisukari, ambaye mara nyingi damu yake haifiki vizuri miguuni, hapo pana hasara juu ya hasara.

Mwaka 2001 Birgitta Rice na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio kwa wagonjwa 32 wa kisukari wenye vidonda sugu vya miguu. Nusu walifundishwa kujituliza kwa mbinu iliyokwisha kuonekana kuongeza damu miguuni. Mbinu za namna hii humpa mtu kipimajoto, ajionee mwenyewe ngozi ikipata joto kadiri anavyotulia. Vidonda 14 kati ya 16 vilipona. Kwa wale wengine, 7 kati ya 16.

Inavutia, lakini watu 32 ni wachache mno, na mimi nisingeuza mkasi wa muuguzi kwa jaribio moja. Tena kuna habari nyingine ya kuiweka pembeni ya hii. Daktari wa upasuaji Paul Brand, alipokuwa Vellore, India, alionyesha kwamba nyayo za wagonjwa wa ukoma haziozi zenyewe: mishipa ya fahamu imekufa, mtu hasikii maumivu, anaendelea kukanyagia jeraha. Mguu wa kisukari huumia vivyo hivyo. Ndiyo maana baadaye, huko Louisiana, plasta ngumu za kupunguza mgandamizo alizotumia kwa ukoma zilitumika pia kwa wenye kisukari.

Kwa hiyo jirani yako akianza mazoezi ya Jacobson, muulize kwanza kama amepata kiatu kisichogusa kidonda, na kama mtu amemwangalia nyayo wiki hii. Kisha mwache alale chali, alegeze mabega.