Nano Imekataa Kupokea Programu? Usikimbie Luthuli Bado

Msee, picha ni hii. Projekti ya chuo unaiwasilisha kesho saa tatu asubuhi. Umebonyeza kitufe cha kupakia programu, taa za bodi zimemweka kidogo, halafu maandishi mekundu yakaanza kushuka kwa skrini: "stk500_getsync() attempt 1 of 10: not in sync: resp=0x00". Inarudia mpaka 10, kisha inanyamaza.

Wasee wengi hapo huamini chipu imeungua, wanapanga kupanda mathree kwenda Luthuli kununua ingine. Tulia kwanza. Hiyo meseji haisemi chipu imekufa. Inasema kompyuta imebisha hodi na haikupata jibu la kueleweka, basi.

Ndani ya Arduino Nano na Uno kuna chipu ya ATmega328P yenye flashi ya kilobaiti 32. Mwisho wa hiyo flashi ndio butiloda inakaa. Ni ka-programu kadogo kanakoamka kwanza kila bodi ikirisetiwa, kanasikiliza laini ya siriali kwa muda mfupi, na kakipata programu mpya kanaiandika. Kakikosa, kanaachia ile ya zamani iendelee. Kwa hivyo chipu lazima irisetiwe kwa wakati, waya zipitishe data, na pande zote mbili ziongee kwa kasi moja.

Kwa kasi ndio watu wa Nano huumia. Butiloda ya zamani inakula kilobaiti 2 na huongea kwa baud 57600. Ile mpya, Optiboot, ni baiti 512 tu na huongea kwa 115200. Nano rasmi zilianza kuja na mpya Januari 2018, lakini kloni nyingi za mtaani bado zina ya zamani. Ingia Tools, halafu Processor, chagua "ATmega328P (Old Bootloader)", jaribu tena. Ka imekubali, funga simu ulale.

Bado? Chomoa chochote kilicho kwenye pini 0 na 1. Hizo ndizo laini zilezile USB inatumia kuongea na chipu, so moduli ya bluetooth ikikaa hapo inapigana na kompyuta. Mimi nishapoteza jioni nzima nikitukana kebo, kumbe HC-05 ilikuwa imetulia kwa pini 0 ikinicheka.

Na kebo yenyewe pia ni ya kushuku. Kebo nyingi za kuchaji zina waya za moto tu, hazina za data. Taa ya bodi kuwaka haithibitishi kitu. Cheki kama poti inaonekana kwa Tools, Port. Kama haionekani na umebadilisha kebo, angalia draiva: kloni nyingi hutumia chipu ya USB ya CH340, na kuna kompyuta za Windows ambazo lazima uiweke mwenyewe. Kwa Ubuntu, ukiambiwa "permission denied", jiongeze kwa kundi la dialout, kisha utoke na uingie upya.

Sasa kuna jaribio moja ambalo watu huruka na ndilo linamaliza ubishi. Unganisha RESET na GND kwa waya, chipu ilale. Kisha unganisha TX na RX. Fungua Serial Monitor, andika jina lako, tuma. Jina likirudi, kebo, draiva na chipu ya USB ziko fiti, shida iko upande wa ATmega. Lisiporudi, usiguse butiloda kabisa, kwa sababu haihusiki.

Toa hizo waya, bonyeza kitufe cha RESET. Optiboot hupepesa taa ya pini 13 mara tatu haraka haraka. Ukiiona, butiloda iko hai, na huenda kinachokosa ni kuriseti kwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kapasita ndogo ya nanofaradi 100. Ujanja: shika RESET, anza kupakia, achilia pale tu skrini inaposema "Uploading". Itakutaka ujaribu mara kadhaa kupata taimingi.

Kuandika butiloda upya iwe ya mwisho, maana inafuta programu iliyo ndani. Tafuta Uno nzima, ipakie mfano wa ArduinoISP. Ukimaliza kupakia, si kabla, weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya hiyo Uno, mguu wa hasi kwa GND. Peleka pini 10 ya Uno kwa RESET ya mgonjwa, 11 kwa 11, 12 kwa 12, 13 kwa 13, kisha 5V na GND. Kwa Programmer chagua "Arduino as ISP". Kuna ingine inaitwa "ArduinoISP", hiyo si yako. Kwa Processor chagua "ATmega328P" ya kawaida, bonyeza "Burn Bootloader". Kuanzia hapo Nano yako ina Optiboot, usirudi kwa Old Bootloader.

Soma saini inayotokea. 0x1E950F ni 328P yenyewe. 0x1E9514 ni ATmega328 bila P, na IDE itaikataa ingawa chipu ni nzima. 0x000000 mara nyingi ni waya: kagua zote moja moja, hasa 12 na RESET. Fyuzi usizichezee kwa kubahatisha. Ukizima pini ya RESET, njia hii imefungwa na utahitaji kifaa cha volti 12 kuifungua.

Waya zote ziko sawa, umebadilisha Uno, na bado ni 0x000000? Sasa panda mathree.