Ndui: Jinsi Chanjo Ilivyosafiri

Ndui haipo tena duniani, na vijana wengi hawajapata kuyaona hata makovu yake. Zamani ulikuwa ugonjwa wa kutisha. Katika kila watu 10 walioshikwa, yapata 3 walikufa. Na waliopona walibaki na mashimo usoni, wengine wamepofuka. Kinga yake ilijulikana mapema, lakini kuifikisha kwa watu ilikuwa kazi ya karibu miaka 200. Hayo ndiyo nitakayoyasimulia jioni hii.

Kule Uingereza wakulima walikuwa wakisema kwamba mkama ng'ombe aliyepata kuugua ndui ya ng'ombe, ambayo ni maradhi mepesi, hashikwi na ndui ya watu. Tabibu Edward Jenner hakuyadharau maneno yao. Tarehe 14 Mei, 1796, alitwaa maji ya lengelenge katika mkono wa msichana mkama maziwa, Sarah Nelmes, akamchanja kwayo mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye akamtia ndui yenyewe, wala haikumshika.

Basi dawa imepatikana, lakini maji yale huharibika upesi, hasa penye joto. Yangevukaje bahari? Tabibu Mhispania, Francisco Javier de Balmis, alileta shauri la ajabu, na mfalme wake akalikubali: yasafirishwe ndani ya miili ya watoto. Tarehe 30 Novemba, 1803, marikebu María Pita ilitweka kutoka La Coruña ikichukua wavulana 22, mayatima, pamoja na mlezi wao Isabel Zendal. Walichanjwa wawili; malengelenge yao yalipoiva, wakachanjwa wawili wengine kwa maji yao, na hivyo hivyo, kama moto unaopokezanwa kijinga kwa kijinga. Walipofika pwani ya Venezuela mwaka wa 1804, mtoto mmoja tu alikuwa na lengelenge lifaalo. Kwa mtoto huyo mmoja maelfu waliokolewa.

Mimi nisomapo habari hizi huwafikiri watoto wale kuliko tabibu. Hawakuwa na baba wala mama wa kuombwa ruhusa. Wakapelekwa hata Mexico, wakaachwa huko, mbali na kwao.

Baadaye maji ya chanjo yalipatikana kwa ndama, lakini joto likabaki adui. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Leslie Collier, huko London, alifanikiwa kuikausha chanjo ikawa unga uwezao kustahimili joto kwa majuma mengi. Ndipo ikaweza kwenda vijijini mikobani mwa wachanjaji. Mwaka wa 1967 Shirika la Afya Duniani likaongeza bidii. Wachanjaji hawakungoja kuchanja kila mtu. Walimtafuta mgonjwa, wakamtenga, wakawachanja wote waliomzunguka.

Ndui ilizungukwa hivyo hata ikabaki Somalia peke yake. Mwezi wa Oktoba, 1977, watoto wawili wagonjwa walipitishwa kwa gari katika mji wa Merca. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, mwenye miaka 23, akapanda kumwonyesha dereva njia. Ilikuwa safari ya dakika chache tu. Naye alikuwa ameikwepa chanjo, kwa kuogopa maumivu ya mkono! Alipougua, kwanza ilidhaniwa malaria, kisha tetekuwanga. Ilipotambulikana kuwa ni ndui, watu zaidi ya 54,000 walichanjwa mjini kwa muda wa majuma mawili. Maalin akapona, wala hakumwambukiza mtu. Ndiye wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa maambukizo ya kawaida, na tarehe 8 Mei, 1980, ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa umekwisha.

Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na wachanjaji wa polio nchini kwake. Wazazi waliokataa watoto wao wasichanjwe aliwasimulia habari zake mwenyewe. Alikuwa katika kazi hiyo aliposhikwa na malaria, akafariki mwaka wa 2013.